Mpiga Gitaa wa Bendi ya Ummi

Mpiga gitaa wa bendi ya roki anayoimbia binti yangu Ummi huvua viatu mlangoni, huniamkia, na adhana ikianza hufunika nyuzi kwa kiganja mpaka imalizike. Ni mpole, lakini katika albamu yao ya kwanza gitaa lake lilinguruma hata Ummi akawa anaimba kwa kupiga kelele. Alirudi nyumbani koo limekauka, nami nikahofia sauti yake itapotea kabisa.

Jana, wakirekodi albamu ya pili sebuleni kwangu, mpiga gitaa alinisikia uani nikigonga kwa kijiti pembe ya vugo, ngoma yetu wanawake ya harusini, nikijiandaa kwa harusi ya Msambweni. Akapunguza sauti ya gitaa mwenyewe.

“Mama Ummi, hebu gonga tena. Ummi, fuata pembe, usishindane na mimi.”

“Leo umemuogopa mama!” Ummi akamcheka.

Nikagonga tena, naye akaimba taratibu, mishipa ya shingo haikumtoka, na kila neno nikalisikia.