Nzi wa Meza ya Akoru

Akoru hakuwa mtu wa kuamini ovyo. Mizani ya mwenzake haiamini, sabuni ya dukani anainusa kabla ya kulipa, na ukimsifia samaki wake anakuuliza unataka nini. Watu wa soko la Kakuma walikwishamzoea. Walisema huyu mama hata ukimwamkia "ejok" hujiuliza kwanza kuna nini nyuma yake. Lakini hakuna muuza samaki aliyempita kwa wateja, na sababu yake ilikuwa nzi.

Usicheke. Samaki wakavu hutoka Kalokol, kule ziwani, wakabadilishiwa gari Lodwar, na mpaka washushwe Kakuma wameshakula vumbi la kutosha. Tena wana adui yao, mdudu mdogo anayetoboa nyama mpaka inabaki unga. Mchuuzi asiye na haya hununua dawa ya kupe, ile ile ya mbuzi, akawapulizia. Mdudu hagusi tena. Wala nzi hagusi. Ndiyo maana mama wa Kakuma, awe Mturkana au Mkongomani, hanunui samaki kwa kumtazama tu. Anasimama mbele ya meza na kungoja. Nzi akitua, akatembea, akasugua vimiguu vyake, basi hicho ni chakula. Nzi akizunguka na kwenda zake, mama naye anakwenda zake.

Kwa Akoru nzi walitua. Samaki wake alikaushiwa na wifi yake Namuria, mke wa kaka yake, huko huko Kalokol, kwa chumvi na jua, basi. Aliyemtangaza kwa Wakongomani ni Félicité, mkimbizi wa makazi ya Kalobeyei, hapo jirani, mwanamke wa maneno machache na macho makali, ambaye mara ya kwanza alisimama mbele ya ile meza muda mrefu hadi Akoru akaudhika. Nzi akatua. Félicité akanunua, kesho yake akaja na majirani. Tangu hapo wakaitana dada, na meza ile ikawalisha watoto wa Akoru miaka yote ambayo ukame ulikuwa umeshamaliza mbuzi wa marehemu mume wake.

Halafu bwana afya akaja na agizo kutoka Lodwar, makao makuu ya kaunti. Kipindupindu kilikuwa kimepita vijijini, watu walikuwa wamezika, na nzi ndio waliotajwa. Kila meza ya samaki ifunikwe wavu mweupe wa matundu madogo. Atakayekutwa wazi, meza yake anapewa mwingine. Alieleza kwa upole, kwa Kiswahili cha kueleweka, na huo upole ndio uliomtia Akoru wasiwasi zaidi.

Alikwenda nyumbani akiwaza. Tangu lini serikali ikaona uchungu kwa tumbo la mama wa Kakuma? Mbona agizo limekuja sasa? Mbona nyavu zenyewe zinauzwa Lodwar, duka moja tu? Na mbona Lokuruka, muuza samaki wa meza ya pili, alikuwa wa kwanza kufunika, tena anacheka? Huyu Lokuruka nzi walikuwa wakimkwepa mchana kweupe, kila mtu akiona. Sasa wavu umewafunika wote, mwema na mwovu, na mteja hana cha kungoja tena. Anaokota tu penye njia fupi. Akoru aliona wateja wake wakigawanyika, wengine kwake, wengine kwa Lokuruka, kama vile miaka yote ile haikuwa kitu. Iliuma. Akaapa kwamba Lokuruka alikuwa amempa mtu kitu huko Lodwar, na kila gari la kaunti lilipopita alilitolea macho hadi likapotea.

Lakini wavu aliutandika. Angefanya nini? Meza ndiyo aliyokuwa nayo.

Siku Félicité alipokuja kutafuta samaki wa harusi ya binti yake Annick, Akoru alifurahi waziwazi, jambo ambalo si kawaida yake. Ilikuwa harusi kubwa, wageni wa Kongo na Burundi, na gunia zima lilihitajika. Akaanza kuteua walio wanene. Félicité hakugusa kitu.

"Dada, weye nakuamini," akasema. "Lakini watakaokula ni wageni wangu. Funua tuone."

Akoru akatazama huku na huku. Bwana afya alikuwa mwisho wa safu, anazungumza na wauza maziwa. Akifunua anaweza kuipoteza meza. Asipofunua, kabla ya jioni Kalobeyei nzima itasema Akoru naye anapulizia. Akashika wavu kwa mikono miwili na kuuvuta mpaka chini, kwa hasira, na kwa maringo pia, ili Lokuruka aone.

Wakangoja.

Nzi akaja, akazunguka, akaondoka. Wakaja wengine wawili. Mmoja alitua kwenye mkono wa Akoru, akatembea hadi kwenye kidole, kisha akaruka juu ya samaki na kumpita. Akoru akageuza samaki, akaleta wa chini juu. Hakuna kitu. Angeweza kusema wavu umewafanya nzi wasahau njia, na pengine Félicité angekubali, maana alitaka kukubali. Maneno yalishafika mdomoni.

Badala yake akatoa simu na kumpigia Namuria, yule mtu mmoja ambaye Akoru hakuwahi kumshuku maishani. Akamuuliza moja kwa moja. Namuria hata hakukana.

"Wifi, wadudu walikuwa wanatumaliza," akasema. "Nikaona huko kwenu siku hizi mmefunika wote. Nani atajua?"

Akoru akakata simu. Alijisikia mjinga, mjinga kabisa. Alikuwa amelinda mlango wa Lodwar na mlango wa Lokuruka, na sumu imeingia kwa mlango wa nyumbani, akaiuza kwa mikono yake, hajui kwa wiki ngapi, hajui kwa watoto wa nani.

"Mama, funika hao samaki," akasikia. Bwana afya alikuwa ameshafika.

Akoru akamuuliza kama anaweza kupima dawa ndani ya samaki. Bwana afya akakohoa, akasema hiyo hupimwa Nairobi, yeye ametumwa mambo ya nzi. Hakuwa na ubaya. Alionekana hata kuona haya kidogo.

Akoru akamgeukia Félicité. "Usinunue kwangu, Mama Annick. Wamewekwa dawa. Mimi sikujua."

Félicité hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

"Sawa, dada," akasema. "Sasa niambie ninunue kwa nani."

Akoru akainua macho kutazama safu nzima ya soko, meza kwa meza, zote nyeupe, zote safi, hakuna nzi hata mmoja.