Namba ya Mlangoni

Siku Wekesa alipoandika namba yangu ya simu kwenye mlango wa kibanda changu cha kushonea, mbele ya nyumba, nilimgombeza kwa sababu alidondosha rangi kwenye gauni la mteja. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kaloleni, Voi. Mume wangu alituleta kutoka Bungoma alipopata kazi ya reli, akafariki tukiwa tushazoea joto la huku. Wekesa, kifungua mimba wangu, alikuwa amemaliza shule na hana la kufanya, basi nikampa brashi na kopo la rangi nyekundu. Aliandika tarakimu kubwa mno, hata aliye ndani ya treni angezisoma. Nikamwambia hivyo, akacheka, akaenda kuoga. Hakuna kilichotokea siku hiyo, na labda ndiyo maana naikumbuka.

Haukupita muda, jeshi likaja Voi kuchukua makurutu. Vijana walikimbia uwanjani miguu mitupu, sisi wazazi tukabaki nje ya uzio. Kando yangu alisimama mwanamke kutoka Werugha, juu milimani, Mama Mwadime, amebeba viatu vya mwanawe mkononi. Mimi nilibeba vya Wekesa. Wavulana wote wawili walipochukuliwa tulikumbatiana na viatu vyao mikononi, watu ambao asubuhi hiyo hatukuwa tukijuana.

Kambini kurutu hana simu. Jumapili, baada ya ibada, wasio na adhabu waliruhusiwa kutumia simu moja kwa zamu, maneno machache tu, kisha mwingine. Na siku hizi nani anajua namba ya mtu kwa kichwa? Wekesa alijua moja, ile aliyoipaka mlangoni. Mwadime hakujua hata moja, na kwao Werugha ukungu ukishuka mtandao hupotea, halafu simu ya mama yake ilikuwa na betri ya kubembelezwa. Wakakubaliana wapige kwangu, leo huyu, Jumapili nyingine yule, na anayepiga atoe habari za wote wawili.

Hivyo Mama Mwadime akawa anashuka kila Jumamosi na kabeji na karoti zake, anauza sokoni, analala kwangu, na Jumapili tukitoka kanisani tunakaa kungoja. Kukaa ni yeye. Mimi nilifagia palipokwisha kufagiwa, nikafunua sufuria ambayo haikuwa na kitu, nikaangalia kama simu ina chaji. Shemeji yangu wa Bungoma akipiga kunisalimu saa hiyo nilimkatia, mpaka akatangaza kwamba pwani imenitia maringo. Mama Mwadime alimenya njegere zake bila haraka.

"Mama Wekesa, si ukae," aliniambia siku moja. "Hiyo sakafu itaisha."

Simu ikilia, aliyekuwa karibu nayo ndiye aliyeipokea, kisha akamwambia mwenzake neno moja tu, "wangu" au "wako". Akisema "wangu" aliongea Kidawida, lugha ya kwao, nami nikabaki kumsoma uso. Mwishoni alinigeukia na habari zote: wazima, nyayo zimepasuka, Wekesa sasa anakula maharagwe bila kununa. Jumapili ambazo hawakupiga tulisemezana kwamba lazima wameadhibiwa. Tuliomba wawe wameadhibiwa.

Walifuzu, tukawaona kwenye gwaride wamenyooka na kukonda. Baadaye wakapelekwa ng'ambo ya mpaka, Somalia, kwenye vita ambavyo mpaka hapo nilikuwa nikivisikia redioni huku nikitia uzi sindanoni. Sasa walikuwa na simu zao, lakini huko mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na Jumapili zetu zikaendelea vilevile. Walipoulizwa jeshini namba ya nyumbani, wote wawili walitoa ile ya mlangoni. Mwadime aliniambia mwenyewe alipokuja likizo, amekaa kibandani anakunywa chai yangu. "Mama, kwetu ni Werugha," alisema, "lakini kwako ndiko simu inashika." Nilijisikia vizuri sana. Nikamwongezea chai.

Jumamosi moja redio ikasema gari la wanajeshi wetu limekanyaga bomu lililotegwa barabarani. Majina hayakutajwa. Mama Mwadime alikuwa sokoni, mimi nilikuwa kwenye cherehani.

Simu ikalia.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya upole kuliko inavyohitajika. Aliuliza kama anaongea na mama wa mwanajeshi. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nyumba iko sehemu gani ya Kaloleni na kama niko na mtu, akaniomba nisiondoke, kuna maafisa wako njiani.

"Mama wa nani?" nikamwuliza. "Unamtaka mama wa nani?"

Akasema nitaelezwa wakifika.

Nilipiga namba ya Wekesa. Haipatikani. Nikapiga ya Mwadime. Haipatikani.

Mama Mwadime aliingia na kikapu chenye kabeji nusu. Redio ya sokoni ilikuwa imesema yaleyale. Nilimweleza yote, maana sikuona la kumficha wala namna ya kumficha.

"Hakutaja jina?"

"Hakutaja."

Nikaketi. Yeye, ambaye miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akihangaika, aliweka kikapu chini, akachukua ufagio, akaanza kufagia.

Niliomba. Sala yangu ilikuwa na jina moja ndani yake, na nilijua yeye naye na ule ufagio anaomba kwa jina lingine. Sikupata sala ya kutufaa sote wawili. Nilitafuta, nikaacha.

Gari likasimama nje.

Walikuwa maafisa wawili na padri. Walimtazama aliyekuwa kwenye kiti, wakavua kofia. Mmoja akaniinamia.

"Wewe ndiye mama yake Mwadime?"

Nikamgeukia Mama Mwadime.

Mama Mwadime aliegemeza ufagio ukutani polepole, ukateleza, akauinua na kuuegemeza tena.

"Wangu," akasema.

Mwili wangu ulijaa shukrani kabla sijapata kuizuia, na papo hapo nikaichukia. Nilimshika mabega. Hakulia mbele yao. Aliwauliza kama mwanawe alikuwa peke yake, wakamwambia hapana, alikuwa na wenzake, akaitikia kwa kichwa.

Jioni nyumba ilijaa. Akina mama wa kanisa walipika chai, na mtu alikwishatumwa Werugha kuwaambia wazee wa kwao. Simu yangu ilikuwa mezani, mbele ya Mama Mwadime. Ikalia. Mkono wake ulienda wenyewe, kwa mazoea, akaipokea, na kutoka nilikosimama nikaisikia sauti ya mwanangu ikiita mama, mama, kama mtu aliye mbali shambani.

Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Umekula?" akamwuliza.

Sijui Wekesa alijibu nini. Mama Mwadime alinyoosha mkono wenye simu kunielekea.

"Wako," akasema.

Hapo ndipo alipolia.

Miaka imepita. Wekesa alirudi mzima, yuko kikosi kingine mbali na hapa, na hulala taa ikiwa inawaka, mkewe ndiye aliyeniambia. Mwadime amezikwa Werugha, kwenye matuta ya shamba la mama yake, mahali ambapo simu haishiki. Mama Mwadime hushuka bado na kabeji zake, na Jumapili tukitoka kanisani tunakaa. Nimejifunza kukaa. Wekesa hupiga karibu kila Jumapili. Simu ikilia, hata ikiwa mapajani pake, hunipa bila kuipokea.