Nyuki Walipovamia Kompyuta Yangu

Leo jirani kaniogesha na nguo zangu, sebuleni kwetu Shanwe.

Kompyuta yangu huwa inachemka kila nikihariri video za kwaya. Basi nikaitengenezea mfumo wa kuipoza kwa maji: rejeta ya pikipiki mbovu, mipira ya maji, na ndoo ya asali ya mama ndiyo tangi.

Ndoo niliisuuza. Nadhani.

Nikawasha, ikapoa vizuri kabisa. Nikafungua dirisha nipate upepo kwa raha zangu.

Wakaingia nyuki. Wakaizingira ndoo.

Mama hakushtuka, maana anafuga nyuki huko Kabungu tangu sijazaliwa. Akawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe, akapuliza moshi, nyuki wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Shida ni kwamba baba Neema, jirani yetu, aliuona ule moshi dirishani. Akaja mbio na ndoo ya maji kuzima moto.

Nikaruka mbele ya kompyuta. Maji yote yakaniishia mimi.

Akaitazama mipira, akaitazama rejeta, akanigeukia nikiwa nachuruzika:

"Kumbe humo tayari kuna maji. Sasa ulikuwa unanizuia nini?"