Betri Yenye Majina Mawili

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Mama alikuwa amelinyoosha kwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo ikasimama, maana kwa mawazo yake mtoto aliyesomea umeme anakwenda kukaa ofisini. Gereji yenyewe ilikuwa kiwanja cha vumbi hapa Tunduma, nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Fundi Mkuu alinitazama kuanzia kola mpaka viatu, kisha akaniambia nibebe betri ya lori niipeleke upande wa pili. Niliikumbatia kifuani kama mzigo wa kawaida na hakuna aliyenionya. Saa nne shati likaanza kutoboka, tundu moja moja, na ilipofika saa sita kitovu changu kilikuwa kinaonekana. Maji ya betri ni tindikali. Hayana kishindo, yanakula polepole huku wewe unapiga soga na wenzako. Somo hilo nililipata bila ada, ukiacha shati.

Somo la pili lilikuwa ukutani. Fundi Mkuu alikuwa na ukuta aliouita ukuta wa marehemu. Kifaa chochote ambacho fundi amekiua kwa kosa lake mwenyewe kilitundikwa pale, na jina la fundi likaandikwa juu yake kwa rangi nyeupe. Kulikuwa na stata, taa, redio, na juu kabisa altaneta, yaani ile mashine inayozungushwa na injini ili ichaji betri. Altaneta hiyo ilikuwa na jina la Fundi Mkuu mwenyewe. Nilimuuliza kama haoni aibu mbele ya wateja.

"Aibu ni kifaa kufa na muuaji asijulikane," alinijibu. "Huyo ataua na kingine."

Nilifanya kazi pale miaka saba na jina langu halikupanda ukutani hata siku moja. Nilitamba nalo sana jambo hilo. Wenzangu walinichukia kidogo, nami nilifurahia. Sasa nimezeeka, acha niwaambie kwa nini halikupanda.

Gari dogo linatumia umeme wa volti kumi na mbili, lakini lori linatumia ishirini na nne. Volti hizo hazitoki kwenye betri moja. Zinafungwa betri mbili za kumi na mbili, moja ikaishikilia nyingine, jumla yake ndiyo ishirini na nne. Basi dereva ananunua redio nzuri ya gari dogo, anaitaka kwenye lori lake, na foleni inakaribia kusogea. Njia halali ni kufunga kifaa cha kupunguza umeme, ambacho kilikuwa adimu na kufungwa kwake kulichukua muda. Njia ya mkato ni kugusa waya katikati ya zile betri mbili, ukachukua umeme wa betri moja tu. Ni kazi ya dakika tano. Redio inaimba, dereva anakushukuru kwa Kibemba, "Natotela sana, mukwai", anawasha lori na kwenda zake.

Fundi Mkuu aliikataza kazi hiyo kabisa. Alisema betri mbili za lori ni ng'ombe wawili kwenye nira moja, ukimshindisha mmoja njaa plau haiendi. Mimi niliifanya kichinichini kwa miaka saba na sikuona ubaya wake, kwa sababu wateja wangu wote walikuwa wanavuka mpaka. Betri zilifia Ndola huko, wala hakuna aliyerudi kuniambia. Sisi mafundi wa mpakani tuna ugonjwa huo, kazi yetu inaondoka kabla haijaharibika, tukadhani sisi ni hodari.

Kutoka Tunduma nilihamia Igamba, kwenye kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa, nikitunza umeme wa magari yao. Huko ndiko nilikokutana kwa mara ya kwanza na kompyuta mpakato ndani ya gari. Bwana Meneja alikuwa mtu wa haraka, chai yenyewe aliinywa akiwa amesimama. Umeme wa kiwanda ulipokatika alitaka kuendelea na kazi ndani ya pikapu yake. Alinunua inveta, kisanduku kinachopokea umeme wa betri na kuutoa ukiwa kama ule wa nyumbani, akakichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kompyuta ikawaka. Akafurahi, akachomeka na printa. Fyuzi ikakatika palepale, na akaniita kwa sauti iliyosikika hadi kwenye mitambo.

Nilimweleza kwamba tundu la sigara lina waya mwembamba, linafaa kwa kompyuta peke yake. Akitaka zaidi ya hapo, waya mnene utoke moja kwa moja kwenye betri na fyuzi yake ikae karibu na betri, siyo karibu na inveta. Nilimwambia pia asiache kompyuta imechomekwa anapowasha injini, na asikae saa nzima injini ikiwa imezimwa. Alisikiliza yote.

"Kumbe gari lina masharti kuliko mke wangu," akasema, akaniruhusu nifunge. Mkewe alikuwa amekaa kiti cha pembeni. Wiki hiyo yote Meneja alikuja kazini kwa miguu.

Pikapu ile ilikuwa ya volti kumi na mbili, kwa hiyo sikukosea kitu, na sifa zikanivimbisha kichwa zaidi. Nikiwa na kichwa hicho ndipo nikaajiriwa Mkwajuni, kwenye mradi wa kupima mashamba ya vijiji ili wakulima wapate hati za kimila. Bosi wangu alikuwa Afisa Usafirishaji, mzee mpole aliyeandika kila kitu kwenye daftari, lakini niliyetembea naye porini alikuwa Afisa Ardhi, mama mmoja mrefu aliyevaa buti za mvua hata kiangazi. Yeye ndiye aliyekuwa na kompyuta. Mchana anapima mipaka, kisha anaichora humo, na wenye mashamba wanakuja kuiona kabla ya kuweka dole gumba. Betri ya ndani ya kompyuta ile ilishachoka, haikushika hata dakika tano. Jenereta ya mradi ilikuwa moja tu na ilikuwa kambi nyingine. Sisi tulikuwa na lori la zamani lililobeba mahema, saruji na mawe ya mipaka, na inveta ya volti kumi na mbili.

Hapo mnajua nilifanya nini. Niligusa waya katikati. Afisa Ardhi aliniuliza kama ni salama, nikamjibu kwamba nimeifanya kazi hiyo mara mia. Kompyuta ilifanya kazi wiki tatu bila kikwazo, na kila jioni alinisifu mbele ya watu. Sikumzuia.

Wiki ya nne tulikuwa Mbangala. Kulikuwa na mama mmoja mjane, Mama Neema, aliyeachiwa shamba na marehemu mumewe. Shamba lilipakana na la shemeji yake, Mzee Halinga. Tangu kaka yake afariki, kila msimu plau ya Mzee Halinga ilikuwa inasogea hatua mbili upande wa mjane. Hakujiona mwizi, alisema anamtunzia. Bila dole gumba la jirani hati haitoki, na bila hati Mama Neema angeendelea kupoteza hatua mbili kila mwaka mpaka alime mlangoni kwake. Wazee wa kijiji walizungumza na Mzee Halinga siku nyingi. Hatimaye akakubali, kwa sharti moja: auone mpaka kwa macho yake ndani ya kompyuta, siku hiyohiyo, kwa sababu kesho yake alikuwa anavuka kwenda kukaa kwa mwanawe Zambia na hajui atarudi lini.

Watu walikusanyika tangu asubuhi. Mama Neema alikaa mbele, kanga mpya, mikono mapajani. Afisa Ardhi aliwasha kompyuta, picha ya kijiji ikaanza kujitokeza, halafu inveta ikapiga filimbi na kila kitu kikazimika. Nikakimbilia lori niwashe injini. Likasema tk, tk, tk, likanyamaza.

Mzee Halinga alisimama, akajipangusa suruali. Alisema kwa upole kwamba mambo ya Mungu hayalazimishwi, basi tungoje atakaporudi. Nilimwona Mama Neema akiinamisha uso. Nilitamani ardhi inimeze.

Afisa Ardhi akaniuliza mbele ya wote kuna nini. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, kwamba betri zimezeeka, na hakuna mtu pale ambaye angenibishia. Lakini nilikuwa nimeshika mita ya kupimia umeme na ilikuwa imeniambia ukweli. Betri ya chini volti tisa, imekufa. Betri ya juu volti kumi na tatu, imejaa. Nikakumbuka ile altaneta ukutani Tunduma.

"Nimeiua mimi," nilisema. "Hizi betri mbili ni ndugu, zimefungwa pamoja, na altaneta inazilisha kwa sahani moja. Mimi wiki tatu nimenyonya hii moja tu. Kila ikiletewa chakula haishibi, na mwenzake anakula mpaka anachemka. Inayonyonywa haipigi kelele. Unakuja kujua siku ikishakufa."

Nilikuwa naeleza umeme, wallahi, sikuwa na fumbo lolote. Lakini watu walianza kumtazama Mzee Halinga, mmoja baada ya mwingine, na yeye akaisogelea ile betri.

"Fundi," akasema, "hiyo betri inanisema mimi?"

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena maishani. Hata Mama Neema alicheka, akaziba mdomo kwa kanga, na Mzee Halinga mwenyewe akashindwa, mabega yakamtikisika. Akarudi akakaa.

"Haya, kuna njia nyingine ya kuiona hiyo picha?" aliuliza.

Njia ilikuwepo, na mita ilikuwa imeshanionyesha. Betri iliyojaa ni ya volti kumi na mbili peke yake, ndizo inveta inazotaka. Niliifungua, nikaiongezea maji safi ya betri, yale yasiyo na tindikali, kwa sababu ya ndani yalikuwa yamechemka mpaka chini, nikaiweka kando ya meza ya Afisa Ardhi, nikafunga waya na fyuzi yake. Kompyuta ikawaka. Mzee Halinga alipiga magoti ili aone vizuri. Aliufuata mpaka kwa kidole, polepole, mpaka kwenye mti ambao yeye na kaka yake waliupanda wakiwa vijana. Akauliza kama mstari ule ndio ule wa zamani wa kaka yake. Akaambiwa ndio. Akaomba wino, akaweka dole gumba, na Mama Neema akaweka lake.

Kabla ya kurudisha ile betri mfu kwenye lori niliomba brashi na rangi nyeupe ya kupaka mawe ya mipaka, nikaandika jina langu ubavuni: Simbeye. Mzee Halinga aliniuliza sababu, nikamsimulia habari za ukuta wa marehemu. Aliinama akalisoma jina lile tena.

Lori la zamani la dizeli likisukumwa kwenye mteremko linawaka bila betri. Basi kijiji kizima kikaja nyuma yake, na pale katikati walikuwa Mzee Halinga na shemeji yake, bega kwa bega, wakigombana nani hasukumi. Niliingiza gia ya pili, nikaachia klachi, likakohoa moshi mweusi na kuwaka. Nilipotazama kwenye kioo nikaona watu wote wamekuwa weusi usoni na wanapiga vigelegele. Nilicheka peke yangu hadi Mkwajuni.

Afisa Usafirishaji aliandika kosa langu kwenye daftari lake, kisha akaagiza kifaa cha kupunguza umeme. Nilikifunga mwenyewe, na tangu siku hiyo sikugusa tena umeme wa katikati. Kazi yangu ikawa inakaa palepale nilipoifanya, nami nikabaki kuiangalia. Nadhani ndipo nilipoanza kuwa fundi.

Leo nimestaafu, nipo nyumbani Tunduma. Vijana wananiletea kompyuta zao na inveta za kila namna, wengine wanataka kazi ya dakika tano. Nawapeleka kwanza kwenye ukuta wa uani, nilipoiweka ile betri ambayo Afisa Usafirishaji aliniachia. Wanasoma jina langu, wanacheka, nami nacheka nao. Halafu wanasoma la chini yake na kuuliza Halinga alikuwa fundi wa wapi.

Siku ya kuniaga kazini, Mkwajuni, baada ya hotuba na pilau, niliona mzee mmoja na mama mmoja wakishuka kwenye pikipiki, wamejaa vumbi. Mzee Halinga alikuwa amerudi kutoka Zambia. Alinipa mkono, akauliza kama ile betri bado ninayo. Nikamwonyesha, ilikuwa kwenye mizigo yangu.

"Hapo chini ya jina lako pana nafasi," alisema. "Niandike na mimi."

Nilimwambia hapana, mzee, ile ni yangu. Akasema kila mtu na ya kwake, ila ya kwake ni shamba, na shamba halitundikiki ukutani. Basi nikachukua brashi. Niliandika polepole, na Mama Neema ndiye aliyenishikia kopo la rangi.