Siku Niliyotumwa Kuwasemea Wake wa Askari

Siku ile naikumbuka kwa baridi yake, mwanangu. Ukungu wa Uyole ulikuwa umeshuka mpaka vibarazani, nasi wake wa askari tumejifunga vitenge mabegani, tunatoka kota za polisi kwenda ofisini kwa mkuu wa kituo. Ndoa yangu ilikuwa bado mbichi.

Utauliza, kwa nini wake? Mwalimu ana chama cha kumsemea, nesi anacho. Askari ana saluti tu. Sheria haimruhusu kuwa na chama, na kugoma ndiyo usiseme kabisa. Waume zetu waliingia lindo asubuhi, na wa kuwapokea asipotokea, waliunganisha mpaka kesho yake. Walirudi macho mekundu, wakali kwa watoto, wengine wamesinzia lindoni na bunduki mkononi. Mama Atupele, Mnyakyusa mtu mzima aliyeishi kota miaka mingi kuliko sisi sote, ndiye aliyesema, "Kiapo wamekula wao. Sisi hatujala. Twendeni."

Wakanichagua mimi niseme, maana nilikuwa nimesoma kidogo kwetu Tosamaganga na Kiswahili changu kimenyooka. Neno letu lilikuwa moja: zamu iwe na mwisho, kwa kila askari.

Mkuu alitupokea vizuri, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Yeye akaniuliza kwa upole, "Haya mama, wewe una shida gani?"

Mume wangu alikuwa na kifua, mwanangu. Mvua ya lindoni ilikuwa inammaliza. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, "Afande, mume wangu anaumwa kifua. Naomba apangiwe kazi ya ndani."

"Hilo tu? Limekwisha. Kesho atakaa mapokezi." Akawageukia wenzangu. "Mmeona? Mtu akija na shida yake, inatatuliwa. Hakuna haja ya kuja kundi. Nendeni mkapike."

Walitangulia wao, mimi nyuma, natazama visigino vyao kwenye tope. Mama Atupele alinisubiri mlangoni pangu. Afadhali angenitukana.

"Mdogo wangu," akasema, "kifua cha mumeo tulikijua. Ungetuambia, tungekisema sisi. Lakini tumekuazima midomo yetu, ukaiombea mboga yako peke yako."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mume wangu alipopata habari alifurahi, mpaka alipojua kazi ile ilivyopatikana. Akaketi kitandani bila kuvua buti. "Mwenzangu wa lindo nitamtazamaje?" Kesho yake akaenda mwenyewe kuomba arudishwe mvuani. Kila alipokohoa, nilitafuta kazi ya kufanya nje.

Wale wanawake walirudi kwa mkuu bila mimi. Alipouliza ni nani mwenye shida, walijibu wote, "Sisi." Akawafukuza. Wakarudi tena, na tena, mpaka akapanga zamu upya. Niliwaona dirishani wakija wanaimba, nikarudisha pazia. Zamu mpya ilimhusu mume wangu pia. Akaanza kurudi kwa wakati, kifua kikapoa, nami nikala mavuno ya shamba nililokaribia kulichoma. Hawakuninyima chumvi wala salamu. Ila sikutumwa tena jambo lolote, hata kununua sanda penye msiba.

Siku hizi nasikia vijana mkibishana kama askari wa mijini wapewe haki ya kukaa mezani na wakubwa wao, wapatane kuhusu kazi yao. Mimi nasema wapewe. Anayetulinda naye ni mtu, ana mgongo na ana watoto. Lakini msidhani sheria ikishaandikwa mambo yamekwisha. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwenye nguvu analijua hilo kuliko wewe. Hatakupiga, atakupa kiti. Atakuulizia mgonjwa wako kwa jina. Ukitumwa na wenzako, shida yako ipeleke kwao kwanza, waiseme wao. Wewe sema ya wote. Na ukipewa peke yako kilichoombwa na wengi, kirudishe kabla hakijapoa mkononi.

Mungu akupe ulimi mzito penye tamaa, mwepesi penye haki ya mwenzako. Akujalie uzee wa kukutana njiani na watu uliowasemea, ukasimama, ukawasalimia ukiwatazama usoni.