Kiingereza cha Macho cha Mayaka

Mwaka wa tisini na sita, mtu wa Homa Bay akitaka barua ya kuingia nayo ofisini, iwe ya kuomba kazi au kulalamikia mpaka wa shamba, alielekezwa kwenye baraza la duka la nguo la Mwanamvita, akamtafute Mayaka wa taipu. Hapo angemkuta bwana mrefu, Mkisii, Msabato kindakindaki, ameinamia mashine kuukuu huku midomo ikimcheza. Ungedhani anasali. Wapi! Alikuwa akisoma herufi.

Shule aliiacha darasa la sita. Akaenda Migori, akawa tarishi wa ofisi moja, kazi ya kubeba mafaili na kuchemsha chai. Saa za chakula cha mchana, makarani wakienda kula samaki, yeye alibaki ananakili barua zao za zamani kwenye taipu, neno kwa neno, hadi vidole vikazoea. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyewahi kumsemesha Kiingereza, maana tarishi huagizwa kwa Kiswahili. Basi akajitengenezea njia yake: maana aliitafuta kwenye kamusi ya ofisi, matamshi akayabuni mwenyewe. Kila neno alilisoma kama la Kiswahili, kila herufi akaipa haki yake. "Knife" kwake ilikuwa kinife. "Wednesday" ilikuwa wedinesidai. Barua za wavuvi wa visiwa vya Remba na Mfangano zilipokuja, "island" akaiita isilandi. Mnacheka? Chekeni, lakini wasomi wenye shahada walikuwa wakiisahau ile d ya katikati ya Wednesday, na Mayaka hakuisahau hata siku moja, kwa sababu mdomoni mwake ilisikika.

Aliyemwamsha ni Mwanamvita. Mama huyu wa kutoka Mombasa hakujua kuandika Kiingereza, lakini redio ya dukani haikuzimwa kutwa, na masikio yake yalikishika vizuri.

"We Mayaka, wanong'ona nini hapo?"

"Kinife. Kisu, mama."

"Kinife! Wallahi utaniua. Redioni wasema naif."

"Na hii K je? Imekuja kufanya nini?"

"Haya, kawaulize wenye K yao!"

Akaenda kuuliza kweli. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa haitamkwi. Kwa nini? Ndivyo ilivyo. Jibu gani hilo, jamani? Mtu mzima akae na neno usiku kucha eti ndivyo ilivyo! Mwishowe, Msabato mzima, akajipeleka misheni kwa padri mmoja mzee wa Kiholanzi aliyesifika kwa vitabu. Padri akafurahi kupata mtu wa kumuuliza jambo kama hilo. Akamweleza kwamba hiyo K ilitamkwa zamani za kale, kisha ndimi zikaichoka lakini kalamu zikaibakiza. Ile S ya "island" nayo haikuwahi kutamkwa hata siku moja. Wasomi waliichomeka wakidhani neno hilo ni jamaa ya neno fulani la Kilatini, kumbe si jamaa yake.

"Yaani walikosea wenyewe?"

"Walikosea, na sisi sote tunaliandika kosa lao," padri akasema.

Mayaka alirudi barazani akicheka peke yake njia nzima. Akamwambia Mwanamvita kwamba yeye hakosei, anaongea kama mababu wa Waingereza, na wajukuu wao ndio wameharibikiwa. Tangu siku hiyo akawa na daftari la herufi zisizosema, na kila mgeni aliyeonekana kujua mambo alikamatwa na kuhojiwa. Mbona "cough" na "though" zimefanana usoni na hazifanani sauti? Nani aliamua? Watu wakawa wanampenda kwa hilo, na wengine wanamkwepa.

Ila hadharani hakufungua kinywa chake kwa Kiingereza. Mteja akimsalimu kwa lugha hiyo, Mayaka alishikwa na kikohozi. Alijua fika kwamba wateja wanamwamini kwa sababu ya karatasi zake. Siku wakimsikia akisema isilandi, nani atamletea tena barua ya kupeleka kwa wakubwa? Angerudi kubeba mafaili, na umri ule, na watoto watano. Hofu hiyo aliishi nayo miaka kumi.

Ndipo akafa mwalimu mkuu mmoja wa Rangwe, jina lake Ogweno, mteja wake wa siku nyingi. Mjane wake, Phelesia, alileta wasifu wa marehemu ulioandikwa kwa mkono na mpwa wao wa Nairobi, kurasa tatu za Kiingereza kizito. Mayaka akaupiga taipu bila doa, na siku ya mazishi akaenda kumzika rafiki yake.

Kule kwao, maiti ya mtu aliyesoma haizikwi kwa lugha ya sokoni. Wasifu lazima usomwe kwa Kiingereza, tena kirefu, wakubwa wakiwa wamekaa mbele kwenye hema. Mpwa ndiye angesoma. Ikafika saa sita, saa saba, mpwa hayupo, gari limemharibikia Ahero. Emsii, mwongoza shughuli, akatazama karatasi, akagundua ghafla kwamba miwani yake ameisahau nyumbani. Walimu wakaanza kuchunguza viatu vyao. Phelesia akainuka, macho mekundu, akaonyesha kidole kule nyuma.

"Yule ndiye aliyeupiga taipu. Shemeji Mayaka, tafadhali. Usiniache niaibike leo."

Mayaka akapiga hesabu haraka. Angekataa, angemvunjia heshima mjane mbele ya jeneza. Angekubali, angejimaliza mwenyewe. Alitembea hadi kwenye kipaza sauti akiwa kama mtu aliyebebwa. Akasoma mstari wa kwanza jinsi alivyojua yeye, herufi kwa herufi. Kwenye mstari wa pili lilimngoja neno "knowledge", na hakukuwa na pa kulikwepa. Likatoka lote, K na D na kila kitu.

Hema likalipuka kwa kicheko. Vijana walishikana mabega. Mmoja wa wale wakubwa alifunika uso kwa leso, na mabega yalikuwa yanamtikisika. Mayaka alihisi masikio yanawaka moto. Akainua macho atafute pa kupitia akimbie, akamwona ajuza mmoja ameketi chini karibu na jeneza. Alikuwa Min Ogweno, mama mzazi wa marehemu. Yeye hakucheka. Alikuwa akiwatazama wanaocheka, kisha anamtazama Mayaka, akijaribu kuelewa kuna nini cha kuchekesha kwenye maisha ya mwanawe.

Mayaka akaona aibu ya namna nyingine kabisa. Huyu mama haambulii kitu hapa! Maneno yote haya yanampita juu ya kichwa. Akaishusha karatasi, akamgeukia yeye peke yake, akaanza kumwambia kwa Kijaluo chake cha Mkisii, kilichojaa makosa, yale yaliyoandikwa. Kwamba Ogweno alikuwa na chungu juu ya meza ya ofisi yake. Kwamba kila mtoto mpya aliyeingia shuleni alinyweshwa maji ya chungu hicho na kuambiwa, "Mama yangu alifinyanga vyungu miaka minane ili mimi nipate dawati. Wewe nawe kaa vizuri kwenye lako."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Wengi walikuwa wanainama. Min Ogweno alishika ukingo wa jeneza.

"Alisema hivyo? Mbele ya watoto wa watu?"

"Kila mwaka, mama."

Ajuza akalia, na Phelesia akalia, na Mayaka naye machozi yakamtoka, akaendelea hivyohivyo mpaka ukurasa wa tatu.

Baada ya kuzika, alikuwa akijiondokea kimyakimya, akiwaza mashine yake ataiuza kwa nani, aliposikia anaitwa. "Jakisii! Nyathina, mwanangu, ngoja." Min Ogweno alikuwa ametoka nyumbani kwake na karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni, imekuwa ya manjano mikunjoni.

"Hii ilisomwa tulipomzika mume wangu," akasema. "Alikuja mtu wa Nairobi, akasoma kwa sauti nzuri sana, muda mrefu. Watu walipiga makofi. Na mimi nikapiga. Nimeiweka miaka kumi na mitatu, na hakuna aliyewahi kuniambia ilisema nini juu yake."

Mayaka akavuta kiti, akaketi mbele ya yule mama, akaifungua.