Bibi Alikataa Kuingia Ndani

Usiku ule nilipanda kitandani najisifu. Joto la Muheza siku zile lilikuwa halikaliki ndani, na tangu jioni tulikaa uani, mimi na mwanangu Hamadi aliyekuwa bado ananyonya, bila kuumwa na mbu hata mmoja. Mimi nilijipaka mafuta ya nazi niliyoyachemsha na mchaichai na karafuu. Hamadi sikumpaka, ngozi yake bado laini, kwa hiyo nilimfukizia: makaa kwenye jiko, juu yake kivumbasi kikavu na maganda ya machungwa, kama alivyonifundisha Bibi yangu mzaa mama kabla hajafariki. Mvua ilipoanza nikambeba mtoto, nikabeba na jiko, nikafunga madirisha ili moshi usipotee bure. Mume wangu alikuwa safarini. Nikalala.

Nikamwona Bibi. Amesimama uani, mvuani, wala halowi. Amejitanda kanga yake ya maua mekundu, na kwa upindo wake ameziba pua. Jamani, nilifurahi!

"Shikamoo Bibi! Karibu ndani, mbona unasimama kwenye mvua?"

Hakuitikia. Bibi, ambaye enzi zake akiitikia shikamoo hata jirani anasikia.

Nikadhani ni ile harufu. Kwetu watu husema kivumbasi hufukuza mbu na hufukuza pia wasio wa dunia hii. Nikaona haya, kumbe nimemfukuza bibi yangu mwenyewe. Nachukua upepeo niupunguze moshi, mara uani si uani tena, ni shamba la machungwa, na Bibi yuko mbali katikati ya miti, ananipungia mkono.

"Mke mwenzangu," ananiita, ndio utani wetu wa siku zote, ila usoni hana utani. "Toka huko. Na mtoto mtoe."

Hapo ndipo hofu iliponishika. Nani asiyejua? Marehemu akikuita ndotoni, huendi. Ukienda, umekwenda. Na huyu haniiti mimi peke yangu, anamtaka na Hamadi wangu!

"Siji, Bibi. Unisamehe. Na mtoto sikupi."

Nikamkumbatia mtoto kwa nguvu. Alikuwa mzito ajabu, utadhani nimebeba gunia. Sasa tumo kwenye nyumba ya Bibi, ile iliyokwisha kubomolewa zamani, na yeye yuko nje ya mlango, havuki kizingiti, anagonga ukuta kwa mchi. Kila pigo linaniingia kichwani. Namwomba aache. Nasoma dua ninazozijua, nachanganya mwanzo na mwisho. Haachi. Analia. Sijapata kumwona Bibi akilia, hata siku tuliyomzika Babu.

"Nani kakwambia namtaka mtoto wako, we mjinga?" anapiga kelele. "Mtoe nje!"

Tusi hilo ndilo lililoniamsha. Kichwa kinanigonga vilevile, na mchi haupo. Nataka kuinuka, mwili hautaki. Pembeni ya kitanda makaa bado mekundu, na chumba kizima hakina pa kupitisha hewa. Ndipo nikaelewa. Ya Rabi, nimemfungia mwanangu na moto ndani! Nikamwita Hamadi, kimya. Nikamtikisa, shingo ikalegea mkononi mwangu. Nilijiangusha chini, nikatambaa naye hadi mlangoni, nikavuta komeo, tukaangukia uani kwenye tope.

Natapika huku namwita. "Hamadi! Baba! Amka baba yangu!" Nampuliza usoni, namsugua kifua. Kimya. Mvua imekatika na mbu wamejaa. Mmoja akatua kwenye shavu lake, na mkono wangu ulikwisha kuinuka kumpiga nilipoona shavu limetikisika. Nikauzuia mkono. Uso wa Hamadi ukakunjamana kwa hasira, mdomo ukafunguka, akaangua kilio cha kuamsha mtaa mzima.

Jirani yangu, mama Zaina, akatoka mbio na tochi. "Kuna nini huko? Mbona mko nje saa hizi?"

"Bibi kasema tutoke," nikamjibu. Na yule mbu nikamwacha ashibe.